Baba Yetu mbili, ibada moja: namna ya kuandaa Siku ya Maombi ya Dunia na akina mama wa makanisa jirani

Mwaka wa kwanza tulipokutana, Walutheri, Wakatoliki, Waanglikana na dada zetu wa Kipentekoste, tulikwama kwenye sala ambayo kila mmoja wetu anaijua tangu utoto. Kiongozi alianza, "Baba yetu uliye mbinguni," tukaitikia wote kwa nguvu, "jina lako litukuzwe." Hapo ndipo tulipoachana njia. Benchi za kushoto zilisema "ufalme wako uje," za kulia zikasema "ufalme wako ufike." "Mapenzi yako yatimizwe" ikagongana na "utakalo lifanyike." Tulipofika penye majaribu na kishawishi sauti zilikuwa zimeshuka kabisa, kila mtu anamsikiliza jirani yake. Kisha Wakatoliki wakasema Amina na baadhi yao wakaketi, na sisi wengine tukaendelea: "Kwa kuwa ufalme ni wako..." Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa ameshakaa, aliinuka tena nusu, mkoba mkononi, hajui akae au asimame.

Uso wa yule mama sijausahau. Hakukosea kitu. Tuliokosea ni sisi wa kamati, tuliotumia vikao vitatu kupanga rangi ya kitenge na tusitumie hata dakika kumi kuulizana ni Baba Yetu ipi itakayosaliwa. Tangu hapo nimeshiriki kuandaa ibada hii mara nyingi, na ninaamini hivi: umoja wa akina mama unajengwa kwenye vikao vya Januari na Februari, kwa mambo yanayoonekana madogo. Siku ya ibada yenyewe watu wanakuja kuomba tu.

Ninaandika kutoka upande wa Moshi, na mifano yangu mingi ni ya huku. Popote penye makanisa mawili yanayotazamana, mwongozo huu utakufaa ukibadilisha majina.

Kwanza ujue ni siku gani

Siku ya Maombi ya Dunia huadhimishwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi Machi. Ilianza kwa wanawake na mpaka leo inaongozwa na wanawake. Mwaka 1887 Mary James, mama wa Kipresbiteri wa Brooklyn huko Marekani, aliwaita wanawake wenzake waombe kwa ajili ya kazi ya misheni ya nchini mwao. Miaka michache baadaye Wabaptisti Helen Barrett Montgomery na Lucy Peabody wakaanzisha siku kama hiyo kwa ajili ya misheni ya nchi za nje. Siku hizo mbili zikaunganishwa, na mwaka 1927 mwito ukatolewa kwa dunia nzima. Zamani ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima. Tangu mwaka 1969, wanawake Wakatoliki walipojiunga rasmi kupitia umoja wao wa kimataifa, inafanyika Ijumaa ya kwanza ya Machi.

Kila mwaka wanawake wa nchi moja huandika ibada, na wengine wote duniani huisali hiyohiyo siku hiyo. Mwaka 2020 waliandika wa Zimbabwe, 2024 wa Palestina, 2025 wa Visiwa vya Cook, 2026 wa Nigeria. Shabaha yake ina maneno mawili yanayokwenda pamoja: kuomba ukiwa na taarifa, na kutenda ukiwa na maombi. Mkisahau neno la kwanza mtaombea nchi msiyoijua. Mkisahau la pili mtakunywa chai na kutawanyika.

Hatua ya 1: Tafuta wale ambao tayari wanaomba pamoja

Usianze kwa kuandika barua. Anza kwa kuangalia msibani. Ukiona nani anapika sufuria moja na nani, nani anaanzisha wimbo na nani anaitikia, umeshaipata kamati yako. Kwenye msiba hakuna anayeuliza mama huyu anasali wapi. Anaulizwa kama amekuja na kisu cha kumenyea ndizi. Angalia pia vikoba. Wanawake wanaoaminiana kwa fedha kila Jumamosi hawatashindwa kuaminiana kwa sala.

Huku mlimani Kilimanjaro tuna hazina nyingine ambayo watu hawaihesabu. Wamisionari Wakatoliki walifika Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wa misheni ya Leipzig ya Ujerumani wakafika Machame mwaka 1893. Tangu enzi hizo sehemu nyingine za mlima zimekuwa za Kikatoliki na nyingine za Kilutheri. Lakini mabinti huolewa ng'ambo ya mto. Binti wa Kibosho, upande wa Kikatoliki, akiolewa Machame mara nyingi anahamia kanisa la mumewe, na wa Machame vivyo hivyo. Ndiyo maana ukipita nyumba kwa nyumba utakuta wanawake wanaojua Baba Yetu zote mbili, wanaojua lini watu wanapiga magoti kule na lini wanasimama huku, na ambao mama zao wazazi bado wanasali upande wa pili. Hao ndio wakalimani wenu. Hakikisha angalau wawili wako kwenye kamati.

Kamati iwe ndogo: wawili kutoka kila kanisa wanatosha. Mwenyekiti asitoke kwenye kanisa litakalokuwa mwenyeji mwaka huo.

Hatua ya 2: Ruhusa

Mnapopatana nyinyi kwa nyinyi, nenda kwa viongozi mapema, miezi miwili kabla. Paroko, mchungaji, mzee wa kanisa, kila mmoja apate barua yake, na ipelekwe kwa mkono na akina mama wawili: mmoja wa kanisa lake na mmoja wa kanisa lingine. Wakionekana wameketi pamoja sebuleni kwake, nusu ya maswali yanakuwa yamejibiwa.

Viongozi wanaosita huwa na hofu tatu, nazo si za kudharau: kwamba Meza ya Bwana itachanganywa, kwamba waumini watavutwa kuhama, na kwamba sadaka itapotea. Zijibu zote kabla hazijaulizwa. Barua yetu huwa fupi hivi:

"Baba Paroko, Tumsifu Yesu Kristo. Sisi akina mama wa makanisa manne ya hapa tunaomba ruhusa ya wanawake wa parokia yako kushiriki ibada ya Siku ya Maombi ya Dunia, Ijumaa ya kwanza ya Machi, saa 3:00 asubuhi hadi saa 5:30, katika kanisa la (jina). Hakutakuwa na Ekaristi wala Chakula cha Bwana. Hakutakuwa na mwito wa kuhama kanisa. Sadaka itakwenda (mahali), na hesabu yake tutakuletea kwa maandishi. Utaratibu wa ibada umeambatanishwa. Tunaomba baraka zako."

Kwa mchungaji badilisha salamu iwe "Bwana Yesu asifiwe" na uandike jina la usharika wake. Mengine yabaki hivyohivyo, neno kwa neno. Viongozi huongea, na wakikuta barua zinatofautiana mtaonekana mna ndimi mbili.

Ikiwa mama Mkatoliki ana wasiwasi kwamba anavunja sheria ya Kanisa lake, mwambie kwa upole kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1964 kuhusu umoja wa Wakristo, uliwahimiza Wakatoliki kusali pamoja na ndugu zao wa makanisa mengine. Kinachobaki kimefungwa ni kushiriki Ekaristi, na sisi hatuiweki.

Hatua ya 3: Saa

Hapa naomba ushike kalamu, maana Ijumaa ya kwanza ya Machi ina shughuli nyingi kuliko unavyodhani.

Karibu kila mwaka huangukia ndani ya Kwaresima, na Ijumaa za Kwaresima Wakatoliki wana Njia ya Msalaba, mara nyingi saa 10 jioni. Tena Ijumaa ya kwanza ya mwezi ni siku yao ya ibada ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, kwa hiyo kuna misa. Kwa Waadventista Ijumaa ni siku ya maandalio: jua likizama Sabato imeingia, na kabla ya hapo mama anatakiwa awe amepika na amefua. Karibu na saa 7 mchana ndugu zetu Waislamu wanakwenda sala ya Ijumaa, na kama kanisa mwenyeji liko jirani na msikiti, vipaza sauti vyenu viwe vimezimwa na barabara iwe wazi. Ongeza na siku ya soko la mahali penu.

Ukiviweka vyote hivyo mezani unabaki na asubuhi: saa 3 hadi saa 5 na nusu. Najua inawaacha nje walimu, wauguzi na wauza maduka. Tulijaribu kuwahamishia Jumamosi tukawapoteza Waadventista. Tukajaribu jioni tukawapoteza Wakatoliki. Siku hizi walioajiriwa wanakutana Alhamisi jioni, saa moja tu, nyumbani kwa mmoja wao, na maombi waliyoyaandika yanaletwa kwenye ibada ya kesho yake na kusomwa pamoja na mengine.

Machi pia ni mwanzo wa mvua za masika. Weka gunia la kufutia matope mlangoni na mtu wa kushika miavuli ya bibi zetu.

Hatua ya 4: Mahali

Wengi watakushauri mtumie ukumbi wa shule ili pasiwe kwa mtu. Mimi sikubaliani nao. Kuna wanawake wameishi miaka hamsini hatua mia mbili kutoka kanisa la jirani na hawajawahi kuona ndani yake isipokuwa siku ya maziko. Kuvuka ule mlango wakiwa hai, wakiimba, wamekaribishwa kwa jina, ni sehemu ya maombi yenyewe. Zungukeni: mwaka huu kwa Walutheri, mwakani kwa Wakatoliki, mwaka unaofuata kwa Waanglikana, na kadhalika.

Mwenyeji awaeleze wageni mapema desturi za nyumba yake. Kwa Wakatoliki waumini hupiga goti kuelekea tabernakulo, kisanduku kinachohifadhi Ekaristi; mgeni halazimiki, ila asipite mbele akiongea na simu, wala asiweke mkoba juu ya altare. Mahali pengine mwanamke hapandi madhabahuni. Msilifanye jambo hilo kuwa ugomvi siku hiyo: wekeni meza ndogo na kipaza sauti chini, mbele ya benchi, na wote wazungumzie hapo, hata wale ambao kwao wanapanda. Waliozoea kufunika kichwa wafunike, wasiozoea wasikemewe mlangoni. Mama anayeshika rozari aishike.

Hatua ya 5: Kutengeneza ibada

Kitini cha ibada kinachotoka kwa wanawake wa nchi ya mwaka ule ndio msingi wenu. Msikiandike upya, ila mtahitaji kukipunguza na kukisoma kwa sauti mapema, maana tafsiri nyingine ni nzito mdomoni. Kaeni na bibi mmoja asiyependa maneno magumu, msomeeni. Akiuliza "maana yake nini?" badilisheni sentensi hiyo.

Sasa yale mambo madogo.

*Salamu.* Anayekaribisha atoe zote mbili. "Tumsifu Yesu Kristo," wasubiriwe wajibu "Milele, Amina." Kisha "Bwana Yesu asifiwe," wajibu "Amina." Mara ya kwanza tulipofanya hivyo nilisikia kicheko kidogo cha furaha kanisani, kwa sababu kila upande ulijibu na salamu ya mwenzake pia. Walikuwa wakiijua siku zote.

*Baba Yetu.* Kuna njia tatu na zote tumezijaribu. Ya kwanza ni kuandika moja kwenye kitini na wote waifuate. Inaenda vizuri, ila upande mmoja unasoma huku mwingine ukisali kwa moyo. Ya pili ni kila mtu aseme ya kwake kwa sauti ya chini, kiongozi akingoja kimya mpaka wa mwisho amalize. Ya tatu ndiyo ninayoipenda: tunaisali mara mbili katika ibada moja. Mwanzoni, baada ya toba, tunasali "ufalme wako ufike, utakalo lifanyike duniani kama mbinguni," Walutheri na Waanglikana wakisoma kwenye karatasi. Mwishoni, kabla ya baraka, tunasali "ufalme wako uje, mapenzi yako yatimizwe," na hapo ni zamu ya Wakatoliki kusoma. Kila mmoja anakuwa mgeni mara moja na mwenyeji mara moja. Na ukiisali kwa maneno yasiyo yako unaisikia upya. Nimesema "riziki yetu" maisha yangu yote. Siku niliposema "mkate wetu wa kila siku" nilijikuta nafikiria nani kijijini kwetu hajala.

*Imani ya Mitume.* Kama kitini hakina, msiiongeze. Neno "katoliki" upande mmoja na "la Kikristo" upande mwingine litawarudisha kwenye mkanganyiko uleule.

*Biblia.* Wakatoliki wana vitabu 73, Waprotestanti 66. Somo la siku huwa liko katika vyote, kwa hiyo hakuna shida ya kitabu, kuna shida ya tafsiri. Chapisheni somo kwenye kitini na wote wasome hapo.

*Nyimbo.* Usitangaze namba. Walio na Tenzi za Rohoni watafungua namba hiyo wapate wimbo mmoja, walio na Tumwabudu Mungu Wetu wapate mwingine, na waliokuja mikono mitupu wabaki wanatazama. Andikeni maneno yote. Chagueni nyimbo tano au sita zinazojulikana kote, beti mbili mbili. Na tafadhali pasiwe na kwaya nne zinazopokezana, maana bila kukusudia inageuka mashindano. Undeni kwaya moja ya kuchanganya, sauti ya kwanza wakae pamoja bila kujali kanisa, mazoezi mara mbili. Mazoezi hayo yanaleta urafiki kuliko mahubiri yoyote.

*Namna ya kuomba.* Hili ndilo linaloumiza watu bila wao kusema. Mama wa Kipentekoste akiombewa kwa kusomewa karatasi anahisi amefungwa mdomo. Mama Mkatoliki au Mlutheri kanisa zima likilipuka kuomba kwa sauti kwa pamoja anaogopa, anafumbua macho. Usitafute njia ya katikati itakayowaudhi wote. Wape wote nafasi iliyo kamili na yenye mipaka: dakika tano za kuomba wote kwa sauti, kila mmoja kwa namna yake, kengele inalia, kisha dakika tatu za kimya kabisa. Kiongozi aeleze kabla, "Sasa tutaomba kama dada zetu hawa wanavyoomba," na baadaye, "Sasa tutanyamaza kama dada zetu hawa wanavyonyamaza." Watoto wenyewe hutulia.

Kuna mambo ambayo kila mmoja anayaacha nyumbani kwa ajili ya mwenzake: kuombea marehemu, Salamu Maria, kutoa pepo, kupaka mafuta. Yanaachwa kwa saa mbili na nusu tu, kwa hiari, na wala haina maana kwamba ni mabaya. Mlitamke hilo wazi kikaoni, mama mmoja mmoja akisema anaacha nini. Sisi tulipofanya hivyo kuna waliolia.

*Nani afanye nini.* Gaweni kazi ili kila kanisa lisikike, na kanuni iwe kwamba kanisa mwenyeji halihubiri. Neno lisizidi dakika kumi na tano. Kama mchungaji au padre amekuja, mkaribisheni mbele kwa heshima, atoe baraka ya mwisho, lakini ibada iongozwe na akina mama mpaka hapo.

Hatua ya 6: Kuomba kwa taarifa

Tengeni dakika kumi kuielezea nchi ya mwaka huo, na mzungumzaji awe amejiandaa. Kuonyesha bendera na kutaja idadi ya watu haitoshi. Chukueni jambo moja linalogusa mwanamke na mliseme mpaka mwisho.

Kwa mfano, ibada ya Nigeria ilijengwa juu ya Mathayo 11:28, "Njoni kwangu, ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo, nami nitawapumzisha." Unaweza kueleza kuhusu Chibok: usiku wa tarehe 14 Aprili 2014 wasichana 276 walichukuliwa kutoka bweni la shule yao ya sekondari, wengi wao wa familia za Kikristo, na wapo ambao mama zao wamengoja miaka na miaka. Huku kwetu, ambako karibu kila nyumba ina binti aliyewahi kulala bweni, huhitaji kueleza zaidi. Mama aliyewahi kumfungia mwanawe sanduku la shule anaelewa.

Kwa somo hilo kuna tendo moja ninalolipendekeza, na linafaa mwaka wowote mkisoma Mathayo 11. Waambie akina mama waje na khanga ya ziada. Wakati wa maombezi kila mmoja anaikunja ngata, ile ile anayoweka kichwani akibeba ndoo au mkungu wa ndizi. Anaishika kwa mikono miwili, anautaja mzigo wake kimoyomoyo, kisha anaiweka kichwani pa mwenzake wa kanisa lingine aliyeketi jirani yake. Kanisa linajaa wanawake wenye ngata zisizo zao. Hakuna atakayehitaji kufafanuliwa Maandiko yanasema nini.

Hatua ya 7: Maombi ya mtu mmoja mmoja, na siri

Wekeni kikapu mlangoni na karatasi ndogo. Anayetaka kuombewa aandike bila jina lake wala la mtu mwingine. Akina mama watatu wa makanisa tofauti wayapitie kabla ya kusomwa, maana wakati mwingine mtu hakuandika jina lakini ameeleza kiasi kwamba kijiji kizima kitamjua. "Mume wangu dereva wa basi" kwenye kijiji chenye basi moja ni jina tayari. Yasomwe kwa ujumla: wagonjwa, ndoa, watoto, madeni.

Kutakuwa na mwanamke atakayeandika, au atakayekusogelea wakati wa chai, aseme kwamba anapigwa. Jiandaeni. Msimwambie avumilie aombe. Akina mama wawili waliochaguliwa mapema, wenye busara na midomo iliyofungwa, wakae naye pembeni, wamsikilize, na akikubali wamsindikize Dawati la Jinsia na Watoto la polisi au hospitali. Kama anayeumizwa ni mtoto, namba 116 inapigwa bure. Hili nalo ni kutenda ukiwa na maombi, na kwangu mimi ndilo jambo lisilotakiwa kukosekana hata kama mengine yote yatakosekana.

Hatua ya 8: Sadaka, sare na chai

Sadaka ihesabiwe na watu watatu wa makanisa matatu, kabla ibada haijaisha, waandike kiasi, watie sahihi wote watatu, kitangazwe kabla ya baraka. Lengo liwe limeshatajwa kwenye barua. Usitumie kamwe namba ya simu ya mtu binafsi kukusanyia michango, hata awe mwaminifu vipi. Unamweka mwenzako kwenye masengenyo bure.

Kuhusu sare, msishone kitenge kipya. Kila mama aje na sare ya umoja wake, wa WAWATA (umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania) na ya WAWATA, wa Umoja wa Wanawake wa usharika na ya kwao, asiye na sare aje na khanga. Rangi zile zikichanganyika kwenye benchi zinapendeza kuliko kitenge kimoja, na hakuna mjane atakayebaki nyumbani kwa sababu hakupata fedha ya fundi.

Chai sasa. Mwaka mmoja wenyeji walipika pilau ya nyama kwa upendo mkubwa, Ijumaa ya Kwaresima, siku ambayo Wakatoliki hawali nyama. Wakatoliki walipokea sahani, wakashukuru, wakazishika tu. Mwenye kupika akadhani chakula chake kimedharauliwa. Kwa hiyo: nyama hapana. Maharage, ndizi, mihogo, viazi vitamu, maparachichi. Na kwa kuwa Waadventista wengi hawanywi majani ya chai wala kahawa, chemsheni mchaichai birika kubwa, na uji wa ulezi. Hakuna anayejisikia amepikiwa chake pembeni, maana wote wanakunywa hicho hicho. Wekeni benchi kwa duara, na kila mmoja akae na ambaye hakuja naye.

Hatua ya 9: Baada ya Ijumaa

Ndani ya wiki mbili kamati ikutane tena, hata kama mmechoka. Peleka hesabu ya sadaka kwa maandishi kwa kila kiongozi mliyemwandikia barua. Kisha fanyeni tendo moja, dogo na linalokamilika: kupeleka khanga na sabuni wodi ya wazazi, kulimia bibi aliyebaki na wajukuu, kumlipia binti mmoja mahitaji ya shule. Muende mchanganyiko. Msichague matendo matano, mtaishia njiani.

Mwisho mnafungua daftari. Letu ni la kawaida, lenye jalada gumu, limeshalowa mvua mara moja. Ndani tunaandika tarehe, kanisa mwenyeji, waliohudhuria kutoka kila kanisa, sadaka na ilikokwenda, nyimbo, kilichoharibika, na Baba Yetu ipi ilitangulia ili mwakani itangulie nyingine. Mwenyeji aliyemaliza analikabidhi kwa mwenyeji anayefuata, pamoja na kengele na kikapu cha maombi kikiwa kitupu, na kabla hawajaachana wanapanga Jumamosi ya Januari watakayokaa kikao cha kwanza.